Singapore na Kuala Lumpur: ni saa moja tu, lakini...

Ukitazama ramani utaona Singapore na Kuala Lumpur ni kama majirani wa ukuta mmoja. Kwa ndege ni kama kilomita 300 tu, safari ya saa moja hivi. Hujamaliza soda yako, mnaambiwa mfunge mikanda, mnatua.

Lakini safari hii fupi ina historia ndefu. Hebu tuipitie.

Mwaka 1947, miji yote miwili ikiwa chini ya Mwingereza, shirika la Malayan Airways lilianza kurusha ndege kati yake. Vilikuwa vindege vidogo vya injini mbili, abiria wachache tu. Mwaka 1963 Singapore ikaingia kwenye shirikisho jipya la Malaysia, na safari hiyo ikawa ya ndani ya nchi moja.

Ndoa hiyo haikufika hata miaka miwili. Siasa za rangi na ugomvi wa madaraka viliivunja, na tarehe 9 Agosti 1965 Singapore ikatoka. Lee Kuan Yew alilia mbele ya kamera za televisheni. Watu wenye ndugu pande zote mbili wakajikuta ni raia wa nchi mbili.

Cha ajabu, nchi zilitengana lakini ndege hazikutengana. Waliendelea na shirika moja, Malaysia-Singapore Airlines. Nalo likawashinda. Malaysia ilitaka kuhudumia miji yake ya ndani, Singapore, ambayo ni mji mmoja tu, ilitaka kwenda ng'ambo. Mwaka 1972 wakagawana: huku Singapore Airlines, kule Malaysian Airline System.

Sasa angalia aliyeumia. Kwa miaka zaidi ya 30 mashirika hayo mawili yaliishika njia hii, na nauli ikawa ghali kwa safari fupi namna ile. Mwananchi wa kawaida akapanda basi, masaa matano au sita barabarani, na foleni ya pasipoti mpakani. Mwaka 2008 ndipo ndege za bei nafuu ziliporuhusiwa. Watu wakafurika! Miaka kumi baadaye njia hii ilitajwa kuwa ya kimataifa yenye safari nyingi kuliko zote duniani.

Hata hivyo, ile saa moja ni ya hewani tu. Uwanja wa Kuala Lumpur uliofunguliwa 1998 uko Sepang, kama kilomita 50 kutoka mjini. Ongeza ukaguzi na uhamiaji, utashangaa masaa manne yamekwisha. Mwaka 2016 serikali hizo zilisaini mkataba wa treni ya kasi ya dakika 90 kutoka mji hadi mji. Hawakuelewana, na mwisho wa 2020 mkataba ukafa.

Kilomita ni zilezile za 1947. Kinachofanya safari iwe ndefu au fupi ni watu wanaokaa mezani na kukubaliana, au kushindwa kukubaliana. Wewe unasemaje?