Nani Alianza Kujenga Ukuta?

Hadithi inayosimuliwa Marekani ni fupi. Zamani shule zote za sekondari zilicheza pamoja kwa amani. Kila mji ulikuwa na shule yake, timu yake na watoto wake. Miaka ya tisini ilipofika, shule za binafsi zikang'amua kwamba kikombe huleta wanafunzi, na wanafunzi huleta ada. Zikaanza kuwafuata vijana wenye vipaji hadi majumbani kwao, zikawapunguzia ada, na vikombe vikahamia kwao. Shule za umma zikalalamika, majimbo yakaanza kutunga kanuni. Nimeikuta hadithi hii kwa watu wa kila namna, wanaozipenda shule za binafsi na wasiozipenda, na karibu wote huianzia hapohapo. Kwa nini hakuna anayeuliza kilichokuwapo kabla?

Aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, anaijua minong'ono yenyewe: yule mshambuliaji ni mamluki, ndevu zile si za kidato cha tatu. Kwetu mambo huishia kwenye rufaa ya jioni na mechi ya kesho yake. Marekani yamepigiwa kura, yameandikwa kwenye katiba za vyama vya michezo, yamefika mpaka mahakamani. Hilo ndilo lililonivuta. Minong'ono hupotea na upepo, lakini kesi huacha karatasi, na karatasi zake naweza kuzisoma nikiwa huku huku Afrika Mashariki. Nikaanza na kesi kubwa kuliko zote. Ilikuwaje barua ya kocha wa shule ikawafikisha watu mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani?

Ilitokea Tennessee, karibu na mji wa Nashville, mwaka 1997. Kocha wa futiboli ya Kimarekani katika shule moja ya binafsi aliwaandikia wavulana wa darasa la nane, akawaalika waje kwenye mazoezi ya majira ya kuchipua. Wavulana wale walikuwa wamekwishasaini mikataba ya kujiunga na shule hiyo. Wengine watasema basi, walikuwa wake. Chama cha michezo ya shule cha jimbo hakikuona hivyo: masomo hawajaanza, kwa hiyo kuwaandikia ni kuwarubuni. Shule ikapewa miaka minne ya uangalizi, ikatozwa faini ya dola 3,000, na timu zake za futiboli na kikapu zikafungiwa mechi za mtoano kwa miaka miwili. Shule ikashtaki. Je, adhabu ile ilihusu barua kweli, au barua ilikuwa kisingizio cha jambo kubwa zaidi?

Nilisoma hukumu ya mwaka 2001 nikitarajia jibu. Majaji walipishana, watano kwa wanne, na walichoamua ni kwamba chama kile, ijapokuwa kimejiandikisha kama chama cha binafsi, kimefungamana mno na serikali kiasi cha kubanwa na katiba ya nchi. Kesi ikaendelea. Mwaka 2007 ikarudi Mahakama Kuu, na safari hii majaji wote wakakubaliana kwamba kanuni ya kukataza kurubuni wanafunzi haikuvunja uhuru wa kusema wa shule ile. Miaka kumi ya mawakili, na hakuna mahali popote mahakama ilipoombwa kuamua kama ni haki shule za namna hizi mbili kushindana. Nilikuwa nimefika mwisho wa njia. Ila ndani ya hukumu ya 2001 kulikuwa na tarakimu mbili ndogo: wanachama wa chama kile walikuwa takriban shule 290 za umma na 55 za binafsi. Hizo 55 ziliingia lini, na ni nani aliyezifungulia?

Swali hilo, nilipoliuliza kwa majimbo mengine pia, lilinirudisha nyuma kuliko nilivyodhani, mpaka Chicago ya miaka ya thelathini. Nilikwenda huko (kwa karatasi, si kwa ndege) nikiwa na dhana kwamba nitakuta shule za binafsi zikizionea za umma tangu enzi hizo. Nilichokikuta ni pambano la tarehe 27 Novemba 1937 katika uwanja wa Soldier Field. Bingwa wa ligi ya shule za umma za jiji alipambana na bingwa wa ligi ya shule za Kikatoliki, na inakadiriwa watu 120,000 walijaa uwanjani kutazama mechi ya wanafunzi wa sekondari. Shule ya umma ilishinda 26 kwa 0. Sikukuta aliyedai siku hiyo kwamba Wakatoliki wana faida isiyo halali. Lakini kwa nini kulikuwa na ligi mbili tangu mwanzo?

Jibu la kwanza ninalolikuta kila mara ni kwamba Wakatoliki walijitenga wenyewe. Lina ukweli wake, na sitalidharau. Kanisa lilijenga shule zake ili watoto walelewe ndani ya imani, na michezo ilifuata mkondo huo. Kuanzia 1924 hadi 1941 chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki hapo Chicago kiliandaa mashindano ya kitaifa ya kikapu kwa ajili ya shule za Kikatoliki peke yake. Lakini ni enzi hizohizo ambapo jimbo la Oregon, mwaka 1922, lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wote wasome shule za umma, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 1925. Anayejitenga wakati jirani anataka kumfungia shule amejitenga kwa hiari kiasi gani?

Nilihitaji jimbo ambalo kanuni yake ya uanachama imeandikwa waziwazi, nikalipata Indiana. Hapo kikapu kinapendwa kama dini, na kwa miaka mingi jimbo zima liligombea kikombe kimoja tu, shule ndogo na kubwa pamoja. Kanuni ya chama cha michezo ya shule cha jimbo ilisema uanachama ni wa shule za umma. Shule za Kikatoliki zilikuwa nje, na hapo mtu anaweza kutikisa kichwa akasema sawa, kanuni ni kanuni. Walioongoza kikapu wangeweza kusimama hapo na kuonekana watu wa haki. Basi inakuwaje, katika orodha ileile ya waliofungiwa nje, kuna shule iliyojengwa na jiji lenyewe, kwa kodi ya jiji, ikiendeshwa na bodi ya elimu ya jiji?

Ilikuwa shule ya watoto weusi mjini Indianapolis, iliyofunguliwa mwaka 1927. Bodi ya elimu iliijenga ili kuwatenga watoto hao na weupe. Kisha, ilipoomba kucheza mashindano ya jimbo, ilijibiwa kwamba haistahili kuitwa shule ya umma kwa sababu haipokei watoto wote: haina weupe. Nililisoma jibu hilo zaidi ya mara moja. Mkono mmoja wa serikali uliwakataza weupe kuingia, mkono mwingine ukaiadhibu shule kwa kukosa weupe. Timu ilibidi isafiri mbali kutafuta wapinzani, mara nyingi shule nyingine za weusi na za Kikatoliki, waliofungiwa wakichezeshana wao kwa wao. Kanuni inayowafungia nje pamoja shule ya padri na shule ya manispaa ilikuwa inalinda nini hasa?

Mlango wa Indiana ulifunguliwa mwaka 1942. Mashindano ya Kikatoliki ya Chicago yalifikia tamati 1941, na nilishawishika kuziunganisha tarehe hizo mbili, niandike kwamba moja ilizaa nyingine. Nimejizuia. Tarehe kukaa jirani si ushahidi, na vita vya dunia vilikuwa vimevuruga ratiba za kila mtu. Kilicho wazi ni kilichofuata: mwaka 1955 shule ile ya Indianapolis ilitwaa ubingwa wa jimbo, ikawa ya kwanza ya weusi watupu Marekani nzima kushinda mashindano ya jimbo yaliyo wazi kwa wote, na 1956 ikarudia bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kwingine milango ilichelewa zaidi. Pennsylvania ilihitaji sheria ya mwaka 1972 ili shule za binafsi ziruhusiwe uanachama. Ligi ya Kikatoliki ya Chicago iliingia kwenye chama cha jimbo la Illinois mwaka 1974. Zile enzi za amani ambazo wote walicheza pamoja ziko wapi basi?

Ziko Milan, nadhani. Milan ni mji mdogo wa Indiana ambao shule yake ya umma, yenye wanafunzi 161, ilitwaa ubingwa wa kikapu wa jimbo mwaka 1954 kwa kuishinda shule kubwa mara nyingi kuliko yenyewe, 32 kwa 30. Ni kweli, na inasisimua mpaka leo. Lakini Milan ilishinda mara moja, na imekuwa ikitajwa tangu hapo kana kwamba mambo yalikuwa hivyo kila mwaka. Indiana yenyewe iliachana na kikombe kimoja baada ya msimu wa 1997, ikagawa shule kwa madaraja ya ukubwa. Ni mwaka uleule wa barua ya Tennessee, na ni mwaka uleule Tennessee ilipozitenga katika divisheni yao shule za binafsi zinazowapa wanamichezo nafuu ya ada. Inawezekana kilichobadilika miaka ya tisini hakikuwa tabia ya shule za binafsi peke yake, bali pia uvumilivu wa watu kwa aliyeshindwa?

Hapa lazima niseme ninavyoona, maana kuorodhesha tarehe kunaweza kuwa namna ya kujificha. Malalamiko ya shule za umma hayakutungwa. Shule ya umma ya kawaida hupokea anayeishi ndani ya mpaka wake: mrefu, mfupi, mwenye mbio, asiye nazo. Shule ya binafsi huchagua, na inaweza kuchagua kutoka miji mingi kwa wakati mmoja. Haihitaji hata kumrubuni mtu. Sifa ya kushinda humleta mzazi getini. Shule za binafsi ni chache na vikombe vyao katika majimbo mengi vimezidi uchache huo. Faida ipo. Je, dawa iliyotafutwa inagusa faida hiyo?

Dawa iliyoenea ni hesabu ya kuzidisha. Shule zinapangwa madaraja kwa idadi ya wanafunzi, kwa hiyo idadi ya shule ya binafsi inaongezwa kwenye karatasi ili ipande daraja. Alabama ilianza mwaka 1999, ikazidisha kwa 1.35. Illinois ikafuata mwaka 2005, ikazidisha kwa 1.65. Chukua shule ya binafsi yenye wanafunzi 400: kwa kanuni hizo za mwanzo, Alabama ingehesabiwa kuwa na 540, Illinois 660. Mtoto yuleyule akivuka mipaka ya majimbo anageuka kuwa mtu na zaidi ya robo, au mtu na zaidi ya nusu. Na shule ndogo ya dhehebu fulani, isiyowahi kufika hata robo fainali, ilizidishwa sawasawa na ile kubwa yenye kabati la vikombe. Ndiyo maana Illinois baadaye ilitoa msamaha kwa timu zisizoshinda. Ni kupima joto la chai kwa rula. Kama tatizo ni uwezo wa kuchagua, kwa nini kinachopimwa ni ukubwa?

Na huo uwezo wa kuchagua, kwa bahati mbaya kwa wanaopenda hadithi nyepesi, haukubaki kwa shule za binafsi. Mwaka 1988 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kumruhusu mzazi ampeleke mtoto shule ya umma iliyo nje ya eneo lake. Majimbo mengi yakafuata kwa namna zao. Kukaja shule za umma zenye mikataba maalumu, shule za umma za vipaji, shule za umma zinazopokea kutoka jiji zima. Mpaka ambao kocha wa shule ya umma anaapa kwamba unambana, jirani yake wa umma hana. Sasa mstari kati ya umma na binafsi unatenganisha nini uwanjani?

Ohio ilijaribu kuukwepa mstari huo. Mapendekezo yalipigiwa kura na shule wanachama mwaka 2011, yakaanguka, 2012, yakaanguka, 2013, yakaanguka tena. Mwaka 2014 yakapita, na kanuni ikaanza kutumika 2017. Wanamichezo wanahesabiwa mmoja mmoja: anayetoka nje ya eneo la shule, au nje ya shule za chini zinazoilisha, anaongeza uzito kwenye idadi. Za binafsi zinahesabiwa, za umma nazo zinahesabiwa, ingawa si kwa kiwango kimoja. Kati ya yote niliyosoma, hii ndiyo inayokaribia jambo lenyewe, kwa kuwa inauliza mtoto ametoka wapi. Inahitaji makaratasi ya kila mchezaji kila msimu, na makaratasi hayo huandikwa na shule zenyewe. Atakayeyakagua ni nani?

Indiana ikapita njia nyingine. Mwaka 2012 ilipitisha kanuni ya mafanikio: timu hukusanya pointi kwa kwenda mbali kwenye mashindano kwa miaka miwili, na zikifika kiwango inapandishwa daraja, iwe ya padri au ya manispaa. Jimbo lililowahi kuikana shule yake lenyewe sasa haliulizi mwenye shule ni nani. Nilitaka kuishia hapo, kwa kuwa ni mahali pazuri pa kuishia. Ila kikapu cha sekondari hubadilisha watu haraka. Mji mdogo ukijaliwa kundi moja la vijana wenye kipaji, wakashinda miaka miwili, wakamaliza shule na kuondoka, timu inayopandishwa ni ya wadogo zao. Hao watakaopangiwa shule kubwa kuliko yao kwa ushindi ambao hawakuucheza, wamejipatia faida gani ambayo kanuni inairekebisha?