Maji ya Bura, Njia ya Taveta

Wapagazi wa zamani waliotoka pwani waliihesabu safari kwa maji: Taru, Maungu, halafu Bura, mahali vijito vya milima ya Taita vinapoteremkia nyikani. Ukishafika Bura, umepona. Barabara ya lami inayotoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta inafuata kiu ile ile.

Mwaka 1848 Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, alimpitisha huku Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani. Tarehe 11 Mei Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakambishia kwa miaka mingi. Vitabu humtukuza Rebmann. Mimi humtanguliza Bwana Kheri, maana ndiye aliyejua maji yako wapi.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta, nao Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi; kufikia katikati ya 1915 ilikuwa imepita Mwatate na Bura na kufika Maktau. Maji ya Bura yakatiwa mabomba kuelekea kambi za nyikani, kwani askari na nyumbu hawangeishi huko siku mbili bila hayo. Mwaka huohuo watu wa Kasigau, walioshukiwa kuwasaidia Wajerumani, walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wakafia huko. Waliosalia walirudi katika miaka ya 1930. Hao pia ni majeruhi wa vita hivyo, ingawa hawakushika bunduki.

Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini wa upande wa Waingereza walikipanda kilima cha Salaita, kilichoshikwa na Wajerumani, wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakarudishwa nyuma. Karibu na hapo pana mbuyu mnene wenye uwazi tumboni. Wenyeji husimulia kwamba mwanamke Mjerumani, aliyeuawa mumewe, alijificha ndani yake akiwalenga Waingereza mmoja mmoja. Gome lina makovu yenye midomo iliyovimba, kana kwamba mti ulijitahidi kuyafunga. Huambiwa ni ya risasi.

Maktau, Voi na Taveta kuna makaburi ya askari yanayotunzwa vizuri, mawe yamepangwa mstari. Mpagazi aliyebeba sanduku la risasi kichwani, akafa kwa kuhara kando ya njia, hana jiwe. Kikosi chake cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kila nipitapo kwenye makaburi hayo naliona deni letu kwa wapagazi hao, na bado naamini linaweza kulipwa, japo kwa jiwe moja lenye majina yanayokumbukwa vijijini.

Ukitoka Mwatate mashamba ya mkonge yanakusindikiza, kisha vichaka vya Tsavo vinaanza. Reli ya vita imelala kando, nyasi zimeota kati ya mataruma. Jioni, kiangazi kikikaza, ndovu huivuka taratibu wakifuata maji.