Uhariri wa Tenzi za Maajabu Jijini Dar es Salaam

Historia ya uhariri wa tenzi za kale jijini Dar es Salaam haielezeki bila kumtaja J. W. T. Allen, ambaye mwaka 1970 alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu, na mwaka uliofuata akatoa Tendi, kitabu chenye tenzi sita, ukiwemo ule wa Ngamia na Paa, ambamo wanyama husema kama watu. Kazi ya uhariri ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu miswada mingi iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi hazikutenganisha i na e, wala u na o, na mara nyingi ziliacha nazali, yaani sauti ya puani inayotangulia konsonanti, hata neno moja likaweza kusomwa kwa namna kadhaa. Mhariri huongozwa na mizani, yaani hesabu ya silabi, ambazo ni nane kwa kila kipande cha utenzi, na huongozwa pia na vina. Lakini husaidiwa zaidi na wajuzi wanaoghani, kwani tenzi hizi zilitungwa zisikilizwe.

Uhariri huo uliendelea baada ya Allen: mwaka 1979 shirika la uchapishaji la jijini humo, Tanzania Publishing House, lilichapisha Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliohaririwa na Leo van Kessel, wenye beti zaidi ya 4,000. Uamuzi wa kuuchapa utungo mrefu hivyo wastahili heshima kubwa.