Nani alifika Pwani kwanza? Uzi kwa wanaopenda kusema "historia inasema"

Uzi huu ni mrefu kidogo, tafuta chai na mahamri.

Msimu wa siasa ukifika, huku Kwale kuna sentensi moja haikosi jukwaani: "Historia inasema sisi ndio tuliofika kwanza." Wa huku akishasema, wa kule anamjibu: "Hata nyinyi mlitoka Somalia." Kinachofuata kwenye komenti mnakijua. Sitaji mtu wala chama, maana wote wanaitumia. Nataka tuulize swali ambalo waendesha midahalo huwa hawaulizi: historia gani hiyo? Nani aliisema, alimwambia nani, na lini?

Tuanze na hiyo ya Somalia. Chimbuko lake ni Singwaya, au Shungwaya kama wengine wanavyoandika. Wazee wa Mijikenda wanasimulia kwamba watu wao waliishi huko kaskazini, wakakosana na Waoromo, wakashuka na pwani na kujenga kaya zao msituni. Katika masimulizi haya Wadigo ndio waliotangulia kuondoka, na Kaya Kinondo, hapo karibu na Diani, inahesabiwa kati ya za mwanzo kabisa. Babu yangu hapa Mkongani akiisimulia utadhani alikuwepo.

Mtu aliyeiingiza simulizi hii kwenye vitabu vya chuo kikuu ni Mmarekani Thomas Spear. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakaa na wazee wa jamii mbalimbali za Mijikenda, akawauliza na kuwasikiliza. Kitabu chake, The Kaya Complex, kilitoka 1978. Yeye alikubaliana na wazee kwa kiasi kikubwa: watu walihama kweli, kwenye karne ya 16. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba baadaye aliyachapisha mazungumzo yenyewe kwenye kitabu kingine. Kwa hiyo unaweza kusoma alichosema mzee, kisha ukasoma Spear alivyokielewa, ukaona wapi wanaachana. Kwangu mimi hapo kuna wataalamu wawili wa historia wanaongea, sio mtaalamu mmoja na "chanzo" chake.

Sasa, hata kabla kitabu hicho hakijatoka, mwanahistoria mwingine, Fred Morton, alikuwa ameshatia mchanga kwenye pilau. Makala yake ya 1972 ilidai kwamba simulizi ya Singwaya kwa Mijikenda wote ilienea mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba wageni walioandika kabla ya hapo waliambiwa mambo mengine. Spear akamjibu 1974. Wakabishana kwenye majarida, kila mmoja na ushahidi wake, bila kutukanana. (Sisi tungekuwa tushablokiana.)

Mwaka 1993 akaja Justin Willis na kitabu kuhusu Mombasa, Waswahili na jinsi Mijikenda walivyokuja kuwa Mijikenda. Hoja yake inaumiza kidogo ukiisikia mara ya kwanza: jina lenyewe "Mijikenda" lilishika miaka ya 1940, wakati watu walipochoka kuitwa Wanyika na walihitaji sauti moja mbele ya serikali ya mkoloni. Kabla ya hapo mpaka kati ya Mswahili wa mjini na mtu wa kaya haukuwa ukuta. Mtu aliweza kuingia Mombasa akiwa Mdigo, akapata ndugu na wadhamini huko, na wajukuu zake wakawa Waswahili.

Wanaisimu nao hawako mbali na hapo. Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro wanaviweka katika kundi moja, Sabaki. Ni ndugu. Ukimsikiliza Mdigo na Mvumba wa Vanga wakipiga soga, hilo halihitaji digrii.

Halafu kuna wanaouliza udongo badala ya watu. Prof. Henry Mutoro alichimba kwenye kaya miaka ya 1980, na Richard Helm akafuata baadaye. Walikuta dalili za watu kuishi katika sehemu hizo karne kadhaa kabla ya hiyo ya 16. Na hapa Kwale kwetu, miaka ya 1960, Robert Soper alichimbua vyungu vya wakulima wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Duniani kote wanaakiolojia wanaviita vyungu vya Kwale, na vya aina hiyo vimepatikana hadi milima ya Usambara na Pare. Chungu hakisemi kabila lake. Kinachosema ni kwamba simulizi ya "tulikuta msitu mtupu" ina shida.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, nenda Kilifi, pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza kaburi la mtoto wa takriban miaka mitatu aliyezikwa humo miaka 78,000 hivi iliyopita. Hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Haya, mleteni anayedai alifika kabla yake.

Basi wazee wanadanganya? Hapana, na hapa ndipo watu wa mitandaoni wanaporuka mtaro na kuangukia mwingine. Jan Vansina, Mbelgiji aliyewafundisha wanahistoria wengi jinsi ya kutumia masimulizi ya mdomo, alisisitiza tangu 1961 kwamba simulizi ni ushahidi, na ushahidi una mtoaji. Lazima ujue anayesimulia ni nani, anamsimulia nani, na wakati huo kuna jambo gani mezani. Nimeliona kwa babu. Akimsimulia mgeni kutoka chuo, anaanzia Singwaya. Kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani, Singwaya hata haitaji; anaanzia kwa baba yake aliyepanda ule mwembe. Zote mbili ni historia, ila kila moja ina kazi yake.

Kwa nini nakomaa na jambo hili? Kwa sababu limeshaua watu. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, na vipeperushi vikawaambia watu wa bara waondoke. Maelfu walikimbia Likoni na Kwale. Hata jina la kaya, mahali patakatifu pa wazee wetu, likaingizwa kwenye vurugu zile. Mpaka leo watu wanaziita ghasia za Kaya Bombo.

Na Rwanda tunaijua. Vansina mwenyewe alirekodi masimulizi huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakoloni walikuwa wamefundisha kwamba Watutsi ni wageni kutoka Ethiopia. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja alisimama mkutanoni akasema watarudishwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zikaelea mtoni. Alison Des Forges, mwanahistoria aliyekuwa ameandika tasnifu yake kuhusu Rwanda ya mwanzo wa karne ya 20, aliitwa mara nyingi kutoa ushahidi wa kitaalamu kwenye mahakama ya Arusha. Fikiria: mwanahistoria anakaa mbele ya majaji kueleza jinsi hadithi ya "mlikuja kutoka kwingine" ilivyogeuzwa silaha.

Nasikia mtu anasema: kwa hiyo unataka Wapwani waache kudai ardhi yao? La hasha. Nasema dai la ardhi lina miguu imara kuliko Singwaya. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilileta sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Ulitakiwa ujitokeze kudai shamba lako kama mali ya mtu binafsi. Watu wengi wa kaya, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, walibaki nje ya utaratibu huo, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Uhuru ulipokuja ikawa ya serikali, na mjukuu wa aliyeilima akaitwa skwota. Hiyo ipo kwenye karatasi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliitaja ardhi ya Pwani kati ya dhuluma za kihistoria, na Katiba, kifungu cha 67, inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuzichunguza dhuluma hizo. Kushinda kesi ya 1908 hakumhitaji mtu athibitishe babu yake alitembea njia gani karne ya 16. Anayekurudisha Singwaya kila mdahalo anakutoa kwenye hoja unayoweza kushinda.

Halafu angalia majirani zetu. Masimulizi ya Waduruma yenyewe, kama yalivyoandikwa, yanasema walitokana na Wadigo, Wakamba na Wamakua wa kusini, upande wa Msumbiji. Mchanganyiko huo leo hakuna anayeuliza uzalendo wake. Lakini Wamakonde, nao asili yao Msumbiji, waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huku Kwale enzi za ukoloni, waliishi bila vitambulisho kizazi baada ya kizazi. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu hadi Nairobi kudai uraia. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Uzi ujao ni maili kumi: mkataba wa 1895 ulisema nini na ule wa 1963 ulisema nini. Maswali weka hapo chini. Ukiandika "historia inasema", weka na jina la aliyesema.