Jinsi ya kupachua paneli za dashibodi bila kuzivunja

MADEREVA wengi wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani hukumbana na jambo lile lile wiki ya kwanza: redio ya gari hainasi stesheni wanazozipenda.

Redio hiyo si mbovu. Nchini Japani matangazo ya FM yalitengewa masafa ya megahezi 76 hadi 90, kisha baadaye yakapanuliwa hadi 95, ilhali hapa Kenya stesheni zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Gari lililotoka huko basi hunasa zile chache tu zilizo mwanzoni mwa masafa yetu.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha redio nzima. Ya pili ni kuunganisha kifaa kidogo kati ya waya wa antena na redio ili kiteremshe masafa, kwa mfano stesheni iliyo kwenye 98 isomeke 78. Tiba zote mbili zahitaji dashibodi ifunguliwe, na hapo ndipo hasara huanzia.

Chungulia ndani ya magari yanayopita barabarani mwetu uone. Kando ya redio utakuta alama za bisibisi, kona iliyomeguka, au paneli inayopiga kelele kila gurudumu linapoingia shimoni. Kazi iliyochukua nusu saa imeacha kovu la kudumu.

Kovu hilo lina gharama. Magari mengi tunayoyaagiza yaliundwa kwa soko la Japani pekee, na kwa hivyo paneli mpya si rahisi kupatikana madukani. Mwenye gari hulazimika kutafuta iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa, labda katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, na hata akiipata huenda rangi isilingane na zile nyingine.

Paneli ya dashibodi ni kipande cha plastiki kinachofunika kiunzi kilicho nyuma yake. Kwa kawaida haijagandishwa kwa gundi, bali imeshikwa kwa klipu, ndoano na skrubu. Klipu ni kibanzi cha chuma kilichokunjwa na kuvishwa kwenye ulimi wa plastiki ulio nyuma ya paneli. Huingia katika tundu la kiunzi na kujibana humo. Ndoano ni meno ya plastiki yaliyo kwenye ukingo mmoja, yanayoingia chini ya kipande jirani. Skrubu nazo aghalabu hufichwa.

Ukiyaelewa hayo utaelewa pia kwa nini paneli huvunjika. Klipu iliingia tunduni ikiwa imenyooka, na hutoka vivyo hivyo. Anayeshika ncha moja na kuivuta kama anayefungua mlango huigeuza paneli kuwa wenzo, na nguvu zote huishia kwenye ndoano za upande wa pili, ambazo hazikuundwa kubeba mzigo huo. Skrubu iliyosahaulika nayo haitoki hata uvute namna gani. Kinachotoka ni plastiki inayoizunguka.

Kabla ya kugusa lolote, kumbuka kuwa ndani ya usukani na nyuma ya dashibodi mbele ya abiria mna mifuko ya hewa ya usalama. Mifuko hiyo hufyatuliwa kwa mlipuko mdogo wa kemikali katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikifyatuka huku umeinamia dashibodi na bisibisi mkononi, waweza kupoteza jicho au maisha.

Kwa hivyo zima gari na uchomoe kwenye betri waya wa ncha hasi, yaani ile yenye alama ya kutoa. Usianze kazi papo hapo. Kompyuta ya mifuko ya hewa huhifadhi umeme wa akiba ili iweze kufanya kazi hata betri ikikatika katika ajali. Toyota huagiza mafundi wake wangoje angalau sekunde 90. Watengenezaji wengine hutaja dakika 3. Ngoja dakika 5, hutapungukiwa na kitu.

Nyaya na plagi za mifuko hii kwa kawaida ni za rangi ya manjano. Ukiziona, usizichomoe wala usizipime kwa taa ya kupimia umeme, kwani umeme mdogo tu waweza kufyatua mfuko. Redio na vifuniko vya kati vyaweza kutolewa bila kuzigusa.

Kwa magari ya Kijapani suala hili lina uzito wa ziada. Kuanzia 2008 mamilioni ya magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru na mengineyo yaliitwa yarudishwe kote duniani kwa sababu vifaa vya kufyatulia mifuko vilivyoundwa na kampuni ya Takata viliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kampuni hiyo ilifilisika 2017. Kemikali iliyotumiwa huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hali ambayo watu wa pwani wanaijua vyema. Mwenye gari la miaka hiyo afadhali apeleke nambari ya chesisi kwa wakala wa kampuni iliyoliunda, aulizie kabla ya kumruhusu yeyote afungue upande wa abiria.

Kuna mambo mawili ambayo sharti yafanywe kabla ya betri kuchomolewa, na ambayo mafundi wa haraka huyasahau. La kwanza ni gia. Katika magari mengi ya otomatiki paneli ya kati haiwezi kutoka gia ikiwa kwenye P, maana mkono wa gia huizuia. Umeme ukishakatwa, gia haitoki hapo kwa njia ya kawaida. Basi vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, kisha uishushe gia hadi chini kabisa ungali na umeme.

La pili ni skrini yenye ramani ya Kijapani. Baadhi ya skrini hizo hujifunga umeme unapokatika, na hudai nambari ya siri au kadi ya kumbukumbu ambayo ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza kule Japani. Ikiwa unakusudia kuitupa na kuweka nyingine, hilo halikuhusu. Ikiwa ungependa kuendelea kuitumia, hakikisha kadi ipo na nambari unayo, la sivyo utabaki na kioo kinachokuuliza maswali kwa lugha usiyoijua.

Hali ya hewa pia ina neno lake. Plastiki baridi hukauka na kukatika. Yenye joto hunyumbuka. Asubuhi ya Julai kule Limuru au Nyahururu si wakati wa kazi hii. Liache gari juani na madirisha yakiwa yamefungwa kwa nusu saa, au tumia mashine ya kukaushia nywele, ukiipitisha huku na huko bila kuisimamisha mahali pamoja. Lengo ni paneli ivuguike, isiwe moto, kwa sababu plastiki iliyolainika mno hushika alama kwa urahisi. Gari lililokaa miaka mingi chini ya jua kali bila kivuli lahitaji uangalifu maradufu, maana miale ya jua huwa imekwisha kuila plastiki yenyewe.

Kuhusu vifaa, adui mkuu ni bisibisi bapa. Chuma ni kigumu kuliko plastiki na lazima kitaacha alama. Kuna vishikio vya nailoni vilivyotengenezwa kwa kazi hii na bei yake si kubwa. Asiyekuwa navyo aweza kutumia mwiko mwembamba wa mbao uliochongwa ncha, au kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Bandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, kwenye kingo za paneli jirani ili zisikwaruzwe.

Bisibisi ya nyota utaihitaji, lakini chagua inayojaa vyema kichwani mwa skrubu. Skrubu za Kijapani zina umbo linalotofautiana kidogo na zile za Ulaya na Marekani, na bisibisi isiyofaa huteleza na kuharibu msalaba wake. Ikandamize kwa nguvu kabla ya kuizungusha. Bolti za redio katika Toyota nyingi hufunguliwa kwa spana namba 10.

Sasa zitafute skrubu zilizofichwa. Toa kisahani cha majivu. Fungua kisanduku cha abiria na uchungulie kingo zake za ndani. Kagua vifuniko vidogo vya mviringo au vya mraba vinavyofanana na urembo. Mara nyingi chini yake mna skrubu. Inua mkeka wa mpira ulio ndani ya kijishimo cha sarafu. Paneli ikikataa upande mmoja tu ilhali pande nyingine zimelegea, acha kuvuta: kuna skrubu upande huo. Mwandishi huyu aliwahi kuishindilia paneli ya namna hiyo kwa dakika kumi, akaja kuiona skrubu baada ya kona kuvunjika.

Anza kwenye ukingo wa chini au pale penye mwanya mkubwa. Ingiza mwiko, uupindue kidogo mpaka mwanya utoshe vidole, kisha uache kifaa na utumie mikono. Shika karibu na klipu, si katikati ya paneli, uvute moja kwa moja kuelekea kifuani pako. Itatoka kwa mlio mkavu. Sogea kwenye klipu inayofuata, na zungukia hivyo bila kuulegeza upande mmoja mno kabla ya mwingine. Ukifika kwenye ndoano usivute tena. Telezesha paneli kuelekea upande unaozitoa ndoano katika maficho yake.

Paneli ikishalegea, usiinyakue. Nyuma yake kuna nyaya za kitufe cha taa za dharura, za saa au za kiyoyozi. Piga picha kwa simu, kisha bonyeza ulimi mdogo wa kila plagi na uvute plagi yenyewe, kamwe si waya. Katika magari ya zamani swichi za joto na baridi huvuta kebo za chuma badala ya nyaya za umeme; hizo ukizilazimisha utakuwa na gari lisilopuliza hewa unakotaka.

Kabla ya kurudisha paneli, hesabu klipu. Baadhi hubaki tunduni mwa kiunzi, na nyingine huangukia ndani na kugongagonga huko. Zitoe kwa koleo na uzivishe tena kwenye ndimi zake. Iliyopanuka ibane kidogo, la sivyo paneli haitashika.

Ulimi ukivunjika, tazama nyuma ya paneli utafute herufi zilizopigwa chapa. Palipoandikwa ABS, gundi kali ya viungo viwili itashika. Palipoandikwa PP, gundi nyingi hazishiki hata kidogo, na njia ya uhakika ni kuyeyusha ufa kwa pasi ya risasi, upande wa ndani usioonekana. Iepuke ile gundi ya tone moja karibu na uso wa paneli, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi.

Rudisha plagi zote kwanza, kisha ndoano, kisha klipu, ukigonga kila klipu kwa kiganja hadi isikike ikiingia. Skrubu huja mwisho, na zisikazwe kupita kiasi kwa kuwa zinakaza plastiki. Kisha unganisha betri.

Washa ufunguo bila kuinamia usukani na uitazame taa ya mifuko ya hewa yenye herufi SRS. Inapaswa kuwaka kwa sekunde 6 hivi kisha izimike. Ikibaki imewaka, kuna plagi iliyosahaulika au iliyovurugwa, na gari lipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu. Isipowaka kabisa, uliza zaidi: wapo mafundi wanaoitoa balbu ya taa hiyo ili mnunuzi asijue kuwa mifuko haifanyi kazi.