Trela yetu ya kutisha na macho ya bibi

Hapa UDOM upepo na vumbi kama kawa. Juzi tulimaliza trela ya filamu yetu ya kutisha. Tulifuata kanuni zote: giza, mlango unalia, halafu ghafla bibi kizee mwenye macho mekundu. Darasa zima likapiga kelele. Tukajiona akina Mussa Banzi, yule wa Nsyuka na Shumileta!

Kumbe kanuni hiyo ina damu. Usukumani, tangu miaka ya 1970, vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kisa macho mekundu. Jamani, ni moshi wa jikoni tu! Bibi yangu kule Kondoa naye anapikia kuni. Usiku huo sikulala.

Tukamkata bibi. Tukarudi kwa Popobawa, Zanzibar mwaka 1995: kila mtu alimweleza kivyake, ila watu walitoka kulala nje kwa makundi. Sasa trela inaonyesha magodoro yakiburutwa nje ya hosteli usiku, basi. Sura hakuna.

Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Darasa kimyaaa. Haya, nawahi kipindi!