Nyoka wa Visiwa vya Ziwa Erie

Mpakani mwa Marekani na Kanada liko ziwa kubwa liitwalo Erie, na upande wake wa magharibi vimo visiwa vyenye fuo za mawe ya chokaa. Wafaransa wa zamani waliviita Visiwa vya Nyoka, maana nyoka walijaa humo.

Nyoka hao hawana sumu. Chakula chao ni samaki, nao huzaa watoto hai wala hawatagi mayai. Mtu akiwashika huuma, na damu hutoka nyingi kwa kuwa mate yao huizuia isigande upesi. Lakini madhara hayazidi hapo. Hata hivyo watu waliwaua ovyo, wengine wakiwadhania kuwa ni yule nyoka mwenye sumu wa kusini-mashariki mwa Marekani ambaye kinywa chake ni cheupe kama pamba. Kumbe huyo hakai kabisa katika ziwa hilo! Tena aogeleapo, mwili wake wote huelea juu ya maji. Mboni yake ni wima, na kati ya jicho na pua ana kishimo. Nyoka wa Erie ana mboni ya mviringo, wala hana kishimo.

Mwaka 1937 wataalamu Roger Conant na William Clay walimtambulisha nyoka huyu kuwa namna ya pekee, kwa sababu wengi wao ni wa kijivu, bila mistari myeusi waliyo nayo ndugu zao wa bara. Mwaka 1958 Joseph Camin na Paul Ehrlich walieleza sababu yake: miongoni mwa watoto wenye mistari ni wengi kuliko miongoni mwa wakubwa, maana juu ya mawe meupe mistari huwafichua kwa adui zao.

Mauaji yalipozidi, serikali ya Marekani iliwaweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1999. Watafiti walipita ufuoni mwaka baada ya mwaka, wakifunua mawe, wakiwakamata kwa mikono, wakiwapima, wakiwatia alama na kuwaachilia. Wenyeji nao walifundishwa. Tena samaki mgeni aitwaye gobi, aliyeletwa na meli kutoka ng'ambo, akawa chakula tele. Lengo lilikuwa nyoka wazima 5,555. Likapitwa, na mwaka 2011 wakaondolewa katika orodha ya walio hatarini.

Lakini, msomaji, usiichukue alama ya mboni ukaitumia katika maji yetu. Katika Ziwa Tanganyika yuko swila wa majini, mla samaki, mwenye mboni ya mviringo na sumu kali. Alama ya nchi moja si alama ya nchi zote. Basi umwonapo nyoka majini, mtazame kwa mbali. Usimguse, wala usimwue kwa kumdhania tu.